Chumba cha Siku Moja, Chumba cha Rudi Tena

Waliniita kwenye kikao ili nimfukuzishe daktari kazi. Barua yao haikusema hivyo. Ilisema nifike kliniki ya meno Jumanne saa tatu asubuhi "kutoa maelezo ya ziada kuhusu malalamiko yako juu ya kifo cha mkeo". Lakini binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye macho yangu kwenye makaratasi, alipoisoma mara ya pili akaiweka mezani taratibu.

"Baba, hawa hawamtafuti mkuu wao. Wanamtafuta Rudi Tena."

"Wamtafute yeyote," nikasema. "Mradi mmoja wao aonje."

Ndivyo nilivyokuwa. Ukishakuwa mgane, kitanda kikabaki kipana upande mmoja, watu wote wanaokaa nyuma ya meza unawaona sura moja.

Rudi Tena ni jina tulilompa sisi wagonjwa. Kliniki yetu ina vyumba viwili vya kutibu mizizi ya jino. Chumba cha kwanza yumo daktari mzee, mikono minene, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Yeye jino lililooza mpaka ndani analifungua, anakwangua uchafu wote kwenye vijia vya mizizi, anakausha, anaziba. Ukishuka kwenye kiti mmeagana. Huyo anaitwa Siku Moja. Chumba cha pili yumo dada mmoja mwembamba, asiyecheka hovyo. Yeye akifungua akakuta usaha, hafungi. Anasafisha, anatia dawa ndani, anaweka juu kizibo laini kinachonukia karafuu, kisha anakuandikia tarehe. Ukirudi anafungua, anatazama kama bado pana unyevu, anasafisha tena, anakuandikia tarehe nyingine. Kwenye benchi watu walisema ukipangiwa chumba kile uje na godoro.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Jino lenyewe lilikuwa la chini, kulia, la nyuma kabisa, na lilimwanza msimu wa sare za shule, nguo zimejaa mpaka juu ya kabati. Tulipofika dirishani, pale wanapoandikisha, alikuwa ameshaamua.

"Mimi naenda kwa Siku Moja. Sare zinaningoja."

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Jino tayari linaniuma, sasa unataka kuniongezea na tumbo?"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, lakini sikuacha. Mimi ni fundi wa vigae, mwaka wa thelathini na moja sasa. Darasa la nne ndilo la mwisho kwangu, lakini sakafu naijua. Nikamweleza kwamba sakafu mbichi haizibwi. Ukijaza mistari ya vigae kabla chini hapajakauka, unyevu unabaki humo humo unakula taratibu, na mwakani ukikigonga kile kigae kinalia tupu.

"Mimi si bafu," akasema.

"Bafu na mdomo vyote vina maji."

"Huyu mwanamume," akawaambia wa kwenye benchi, "nikifa atanipigia vigae badala ya kunizika."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona yule dada amegeuza kile kioo chao kidogo, anagonga meno ya mgonjwa kwa mpini wake, moja baada ya jingine, tik, tik, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Kumbe na wao hugonga. Mimi nimegonga vigae hivyo hivyo maisha yangu yote, kwa mpini wa nyundo, sikio likiwa chini. Nikasema moyoni, huyu ni fundi. Nikamwambia mama wa dirishani, "Mwandike chumba cha pili." Mke wangu akanitazama, akainua mabega. Katika ndoa yetu alinishinda mambo mengi, na hakuna aliyemlazimisha kuniachia hilo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Usaha ulitoka mwingi, uvimbe ukashuka jioni ile ile, akarudi nyumbani ananukia karafuu. Baada ya wiki mbili tukarudi. Rudi Tena akafungua, akaingiza kikaratasi chembamba ndani ya mzizi, akakitoa, akatuonyesha. Ncha yake ilikuwa imelowa.

"Bado," akasema. "Nikifunga leo nitakuwa nafungia ugonjwa ndani."

Nilimtazama mke wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Tukaandikiwa tarehe sita.

Sasa hapo ndipo wakubwa walipoingia. Mkuu wa kliniki yetu ni mtu ambaye sijui mara ya mwisho alichungulia mdomo wa mtu lini. Ana meza kubwa, ana kalamu tatu mfukoni, na hana tatizo na mgonjwa yeyote mpaka mgonjwa aongee. Huko juu kwao walikuwa wanahesabu wagonjwa wapya tu. Anayerudi hahesabiki, hata arudi mara saba. Basi Mkuu akatoa amri, ikabandikwa dirishani kwa gundi: wapya kwanza, wanaorudi wasubiri nafasi. Tena akaagiza kila jino lifungwe siku ile ile. Siku Moja hilo halikumbadilishia kitu. Rudi Tena akakataa, akasema jino lenye usaha yeye hawezi, kama hawapendi wamwandikie barua ya kumfukuza. Hawakumwandikia. Walimkatia tu tarehe za wagonjwa wake.

Tulifika tarehe sita, kadi ikapigwa mstari, ikaandikwa ishirini. Tulifika ishirini, ikapigwa mstari, ikaandikwa kumi na moja mwezi ujao. Kizibo cha muda, kama lilivyo jina lake, ni cha muda. Cha mke wangu kilikaa wiki sita. Jumapili moja asubuhi kikatoka kizima kwenye kipande cha mkate mkavu, akakitema kiganjani, akanionyesha kama mtoto aliyeng'oka jino la utoto.

Jumatatu saa moja na nusu tulikuwa dirishani. Mama wa dirishani akaichukua kadi, akaisoma, akairudisha.

"Tarehe yako ni kumi na moja."

"Kizibo kimetoka," mke wangu akasema. "Hebu tazama." Akafungua mdomo.

"Mama, usinifunulie mdomo, mimi si daktari. Tarehe yako bado."

"Kwani daktari hayumo?" nikauliza.

"Yumo. Lakini amri mnaiona hapo. Nikiwapitisha nyinyi, hawa wengine niwaambie nini?"

"Mwambie tu kwamba kimetoka. Yeye mwenyewe aamue."

"Mzee, mimi na wewe wote tumekuta amri. Anayefuata."

Kutoka pale dirishani mpaka mlango wa Rudi Tena ni vigae ishirini na vinne. Sikuvihesabu siku hiyo. Nilivijua tangu zamani, kwa sababu korido ile niliipiga mimi, nikiwa chini ya mkandarasi, wiki mbili nikitembea kwa magoti. Vigae ishirini na vinne, na mlango una komeo la kawaida tu. Hatukuugonga. Watu wa aina yetu tukiambiwa rudini, tunarudi.

Siku tatu akahangaika. Kila akila, chakula kinaingia shimoni. Akivuta hewa kwa mdomo linamchoma mpaka sikioni. Alhamisi mchana akaweka mkasi chini.

"Fundi," akasema. Aliniita hivyo alipotaka kitu. "Wewe unaziba bafu za watu. Hebu nizibie na mimi."

"Nikuzibe na nini?"

"Ile nyeupe yako. Si inafanana kabisa na ya kwao? Mpaka hiyo tarehe yao."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilifurahi. Nilichemsha maji, nikachuja saruji nyeupe kwa kitambaa cha sare mara mbili, nikaikoroga kwenye kitako cha sahani mpaka ikawa nzito kama unga wa chapati. Nikakausha lile shimo kwa pamba. Nikashindilia kwa njiti ya kiberiti, kidogo kidogo, nisiache hewa, kisha nikasawazisha kwa kidole kilicholowa. Nikamwambia asifunge mdomo. Akakaa hivyo robo saa nzima, mate yanamtiririka, anajaribu kunitukana bila kutumia midomo, mimi nacheka. Ilipokauka akaligonga kwa mpini wa kijiko.

"Halilii tupu," akasema.

"Kazi ya nani hiyo?"

"Ya mzee wangu. Kesho nikukodishie chumba cha tatu pale kliniki."

Ijumaa alishona sare nne. Jumamosi shavu likaanza kujaa. Usaha uliokuwa ukipata pa kutokea nilikuwa nimeufungia mlango. Jumapili ngozi ya chini ya kidevu ikawa ngumu kama ubao, ulimi umeinuka, mate hayamezeki, hasemi. Tukamkimbiza hospitali kubwa. Wakaniuliza maswali mengi, nikajibu nilivyojibu. Jumatatu wakang'oa jino, wakapasua chini ya kidevu kutoa uchafu. Jumanne kabla ya saa sita mchana akafa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hajawahi kulazwa isipokuwa kwa kujifungua.

Jino wakalitia kwenye kichupa, likaandikiwa karatasi. Binti yangu alinisomea baadaye: "Jino limezibwa kwa kizibo kigumu, kimekaa sawasawa." Miaka thelathini na moja nafanya kazi kwenye majumba ya watu, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuandikiwa na ofisi.

Baada ya maziko nikamwambia binti yangu aandike malalamiko. Aandike tarehe zilizopigwa mistari, aandike dirisha, aandike amri. Akaandika kurasa tatu kwa mwandiko ule wa ubaoni, na kila ukurasa ulikuwa kweli. La saruji sikumwambia. Nilijiambia kwamba linahusu nyumba yangu, haliwahusu wao.

Barua ikapanda juu, ikashuka. Na njiani Mkuu akaipinda. Ndiyo kazi wanayoijua vizuri kuliko zote hawa: unawarushia jiwe, linamwangukia mtu wa chini yao.

Jumanne hiyo tukaketi kwenye chumba cha mikutano, feni inazunguka bila kumpoza mtu. Mezani walikuwa watatu. Katikati mama mwenyekiti kutoka ofisi za juu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Kushoto Mkuu. Kulia karani na kompyuta yake. Upande wetu tulikuwa mimi na binti yangu, na nyuma yetu Siku Moja na Rudi Tena, kila mmoja na koti lake jeupe. Kichupa kilikuwa mezani juu ya karatasi iliyokunjwa, jino la mke wangu ndani.

"Kwanza, pole sana mzee," Mkuu akasema.

"Nimeshapoa. Endelea."

Akaendelea, na anajua kuongea. Kliniki iliagiza kila jino lifungwe siku moja. Daktari huyu alikaidi. Kisha inavyoonekana, kwa hasira ya kuulizwaulizwa, mgonjwa alipokuja mara ya pili akaamua kuliziba kwa kizibo kigumu juu ya usaha. "Kwa hiyo alikosea alipochelewa," akasema, "na akakosea alipoharakisha."

Rudi Tena akasimama. "Sikufunga. Niliacha pamba na kizibo laini. Nimeandika kwenye kadi."

"Kadi inasema laini, chupa inasema ngumu. Tuamini kipi, daktari?"

Mama mwenyekiti akamgeukia Siku Moja, akamtaka aeleze kama mzoefu ipi ndiyo njia sahihi, kumaliza siku moja au kurudisha watu. Nikatega sikio. Nilidhani yule mzee atajipigia debe.

"Mimi nafunga siku ile ile," Siku Moja akasema, "kwa sababu wagonjwa wangu wengi wanatoka mbali, na ukimwachia mtu jino nusu, maumivu yakipoa harudi. Huyu mwenzangu anangoja kwa sababu anataka dawa imalizie wadudu ambao chuma hakikuwafikia. Tumefanya kazi vyumba vikipakana miaka minne. Wangu wanaorudi wakilia na wake wanaorudi wakilia hawapishani sana. Likisafishwa vizuri, linapona kwangu na linapona kwake. Kwa hiyo usiniulize ipi inaua. Ila ya kwake ina sharti moja."

"Lipi?"

"Tarehe isichezewe. Ukimwambia mtu rudi, akirudi akukute."

Mkuu akakohoa. "Hilo la tarehe ni la utawala."

"Ndiyo," Siku Moja akasema. "La utawala hasa."

Akaombwa atazame kile kichupa. Akalitoa jino kwa kibano, akalikwangua juu kwa sindano yao, akalisogeza dirishani kwenye mwanga. Akakwangua tena.

"Hii sijui ni nini. Ngumu kama sakafu. Humu ndani hatuna dawa ya namna hii." Akaligeuza. "Ila aliyeiweka ana mkono mzuri. Hakuacha hata tundu la hewa."

Nikasikia masikio yanawaka moto.

"Kama humu haimo, basi daktari kaitoa nje," Mkuu akasema. "Sasa ni makosa matatu."

"Una la kusema?" mama mwenyekiti akamuuliza Rudi Tena.

Yule dada alikitazama kile kichupa muda mrefu, vile mtu anavyotazama mtoto asiye wake aliyeletewa mlangoni. "Sina," akasema. "Sielewi. Sikuiweka mimi, na sijui imetoka wapi." Vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga kifungo cha koti, kile kile kimoja.

Mama mwenyekiti akaandika mstari, akapiga kalamu juu yake. Halafu kwangu. "Mzee, kabla hatujamalizia suala la daktari, una la kuongeza?"

Neno moja lilitosha. Ningesema "sina", dada yule angetoka pale bila kazi. Binti yangu akaninong'oneza, "Sema la dirishani, baba." Ndilo nililokuja nalo, nimelishika miezi mitano kama kaa la moto. Nilitaka Mkuu aanguke, tena nione anavyoanguka. Na nilikuwa najua kabisa, sihitaji darasa la tano kulijua, kwamba nikisema kweli yote, kweli hiyo itakuwa sabuni yake.

"Hiyo ni saruji nyeupe," nikasema. "Ya vigae. Niliiweka mimi."

Vidole vya karani vikasimama.

"Nyumbani, Alhamisi mchana. Kizibo chake huyu daktari kilikuwa laini kama alivyosema, na kilikuwa kimetoka. Nikaziba mimi kwa njiti ya kiberiti. Asifukuzwe mtu kwa kazi ya mkono wangu."

Binti yangu alikuwa amenishika mkono. Hakuuvuta wake kwa nguvu. Aliutoa tu, akauweka mapajani mwake na ule mwingine.

Nikaendelea. Nikasema la Jumatatu, kadi, mdomo uliofunguliwa dirishani, amri iliyobandikwa, vigae ishirini na vinne. Karani aliyekuwa anakimbiza herufi nilipotaja saruji sasa alikuwa ameweka mikono mezani kama mtu anayengoja chakula. Mkuu uso ulikuwa umemfunguka.

"Mzee wangu, nakushukuru kwa ujasiri wako."

"Shukrani yako baki nayo mwenyewe."

Mashine ikatoa karatasi. Wakamkabidhi binti yangu aisome ili nitie sahihi. Akaisoma kwa sauti ya darasani, bila kupanda wala kushuka: mimi mume wa marehemu nakiri kwamba niliweka saruji katika jino la mke wangu, nyumbani, bila kumshirikisha daktari. Nukta.

"Na dirisha?" nikamuuliza.

"Halimo."

"Basi sitii sahihi."

"Mzee," Mkuu akasema, "hilo ni suala jingine. Litashughulikiwa kwa utaratibu wake."

"Utaratibu ndio uliotufukuza dirishani."

Mama mwenyekiti akatazama saa yake. Alikuwa na kikao kingine mahali pengine. "Liongezeni kwa mkono hapo chini, tumalize."

Nikaichukua kalamu. Mkono uliosawazisha kizibo bila tundu la hewa ukashindwa kuanza herufi ya kwanza. Binti yangu akaninyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe pembezoni, herufi zimesimama wima: "Tulifika kliniki siku tatu kabla, kizibo kimetoka. Daktari alikuwepo. Tulirudishwa dirishani kwa amri ya Mkuu." Aliandika "tulifika", na yeye hakuwepo. Akanisukumia karatasi bila kunitazama. Nikatia sahihi.

Kwenye korido Rudi Tena akatufuata. Nilidhani anakuja kushukuru, na nilikuwa tayari nimeshajiandaa kusema si kitu. Hakushukuru.

"Baba, Jumatatu ile mlifika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu nilikuwa nakunywa chai. Sikuwa na mgonjwa kwenye kiti. Mngegonga tu."

"Tuliambiwa turudi."

"Nasikia." Akautazama mlango wake. "Na hospitali kubwa, hawakuuliza ni nani aliyeliziba?"

"Waliuliza."

"Ukawaambia?"

Binti yangu alikuwa amesimama palepale, mkoba begani.

"Niliwaambia ni kizibo cha kliniki," nikasema. "Mke wangu alikuwa kitandani, hawezi kusema, ananitazama. Nilipojibu hivyo akafumba macho."

Mpaka leo sijui alinisitiri au alinichoka. Rudi Tena akakitazama kile kifungo chake kilicholegea.

"Sijui kama ingesaidia," akasema. "Uvimbe wa namna ile ukishashuka shingoni ni mbaya hata mikononi mwa mabingwa. Lakini wangejua si kizibo chetu, wangelitoboa Jumapili ile ile. Wasingengoja Jumatatu." Halafu akasema samahani, ana mgonjwa, akaingia chumbani kwake.

Binti yangu alitangulia. Getini akageuka, akasema ana vipindi vya mchana, akaenda. Vipindi vyake vya Jumanne ni vya asubuhi.

Baada ya wiki tatu alileta barua ya majibu. Alinisomea akiwa amesimama, kikombe cha chai mkono mwingine. Daktari anaendelea na kazi. Kuanzia sasa vyumba vyote viwili vitafunga jino siku moja, bila kurudisha mtu. Uchunguzi umeridhika kwamba kifo kilitokana na kitendo cha mume wa marehemu. Mkuu wa kliniki anapongezwa kwa ushirikiano alioutoa.

"Na mstari wako?"

Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha mbele. "Haumo."

"Waandikie nyingine," nikasema. "Anza na dirisha. Na zile tarehe. Na nani aliyebandika ile amri. Hawawezi kunikalia kichwani mimi peke yangu, mzigo ule si wa mtu mmoja."

"Halafu?"

"Halafu saruji."

"Halafu?"

"Halafu niliyowajibu hospitali."

Akamaliza chai yake. Akakiosha kikombe, akakifudikiza kwenye beseni, akakausha mikono kwa gauni lake, ingawa kitambaa kilikuwa pale pale kwenye msumari.

"Hiyo siandiki mimi, baba," akasema. "Herufi unazijua. Andika mwenyewe."

Ilikuwa saa kumi tu, jua bado kali, lakini alisema giza litamkuta njiani, akaondoka.